Nimeuziwa wimbo wangu mwenyewe stendi, halafu mnaniambia ni "promo"!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jumamosi nimeshuka Mbagala Rangi Tatu, nikapita kwenye kibanda cha kijana anayejaza watu nyimbo kwenye flash. Kompyuta moja, spika mbili, karatasi imebandikwa: flash nzima buku mbili. Spika zinapiga wimbo wetu. Ule wenye solo ambalo mpiga gitaa wetu alilirudia studio mpaka saa tisa usiku, vidole vimechubuka. Nikatoa flash, nikamwambia niwekee huo.

Akafungua folda. Jina la faili linaanza na anwani ya tovuti ya watu nisiowajua. Jina la bendi limekosewa. Mtunzi hatajwi, na mtunzi ni mimi. Wimbo ukifika kwenye ubeti wa kwanza, juu kabisa ya sauti ya mwimbaji wetu, mtu anaropoka jina la tovuti yake.

"Mzee, nikuwekee na nyingine za hawa jamaa?"

Akaniwekea kumi na moja. Mbili kati ya hizo HATUJAZITOA popote.

Tulichanga laki sita kurekodi nyimbo tatu. Mpiga besi aliuza simu yake. Nikilalamika naambiwa "si unapata promo". Promo gani isiyo na jina langu? Tovuti ile imejaa matangazo, kila mnaposhusha wimbo, mwenye tovuti anaingiza hela. Wa kibandani anaingiza. Anayewauzia bando anaingiza. Aliyetunga ndiye anaambiwa ashukuru!

Na msiniambie hakuna sheria. Ipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Wimbo unalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani hata wanangu wana chao humo. Kutajwa jina kwenye kazi yangu ni haki yangu, siombi fadhila. Kuna atakayesema sheria inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi. Sawa, lakini kuuza stendi kwa buku mbili ni matumizi binafsi ya nani? Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD, tukadhani wizi umepata dawa. Leo muziki uko kwenye flash na simu, stempu utaibandika wapi?

Simlaumu mwanafunzi asiye na hela. Lakini ndugu yangu, YouTube chaneli yetu ipo, kusikiliza hulipii chochote zaidi ya bando lako, na senti kidogo inatufikia. Unaiacha hiyo, unakwenda kushusha kwa mwizi, halafu unanitumia ujumbe "kaka ngoma kali sana". Inaniuma kuliko ungekaa kimya.

Sasa hizo nyimbo mbili zisizotoka. Faili zilikuwa sehemu mbili tu: studio, na kwenye laptopu ya kiongozi wetu wa bendi ambayo haijawahi kutoka nyumbani kwake. Mwenye studio nimempigia mara nne, hapokei. Flash ninayo, na kijana wa kibandani amekubali kunionyesha alikozitoa.

Kama kuna msanii humu aliyewahi kufikisha jambo la namna hii mahakamani, naomba aniambie alianzia wapi na ushahidi gani ulikubaliwa. Kesho asubuhi naanza kuzunguka.