Tupeane uzoefu: mliokata wanga mkiwa na miaka 40 na kuendelea, misuli mnailindaje?

Shangazi Kimya
Jana nimeshindwa kufungua kifuniko cha chupa. Nimezungusha kwa kitambaa, nimegonga kwa kisu, wapi. Binti yangu wa miaka 11 akaja akakifungua huku simu kaibana begani. Nina miaka 49, huu ni mwezi wa saba tangu nikate wanga, kilo 14 zimetoka na kila ninayekutana naye ananisifia. Lakini mapaja yanatetemeka nikishuka ngazi, na nikikalia kiti kigumu nasikia mfupa. Waliopita njia hii njooni tupeane uzoefu. Wa "kula tu kawaida", piteni kushoto.

Mapaja ya Zamani
Kifuniko! Kumbe siko peke yangu.

Bibi Mdogo
Kwangu ilikuwa hereni. Nina 53, hedhi ilikoma nikiwa na 50. Nilikata wanga kwa pupa: asubuhi sili, mchana majani na nusu parachichi, usiku yai moja au kipande cha samaki. Wiki ya kwanza kilo 3 chini, nikashangilia. Nilikuwa nashangilia maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba ile hushika kama gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji nayo yanaondoka. Mimi nikaona dawa imekubali, nikazidi kujinyima. Hapo ndipo nyama yenyewe ya mwili ilipoanza kuondoka, tena umri wenyewe ndio huu wa estrojeni, ile homoni ya kike, kushuka.

Basi siku hiyo hereni ikaingia uvunguni. Nikapiga magoti, nikaipata. Kuinuka sasa. Nikashika ubavu wa kitanda, goti likanyanyuka, likarudi. Mara ya pili vilevile. Ya tatu nikakaa sakafuni na hereni yangu mkononi, natazamana na vumbi. Mume yuko sebuleni anaangalia mpira, nikaona haya kumwita. Nilikaa pale mpaka mapumziko. Alipokuja akauliza, "Unafanya nini huko chini?" Nikamjibu natafuta hereni.

Mtaalamu wa lishe aliponiuliza protini nakula kiasi gani, nikamwambia mimi wanga sili kabisa. Akasema, "Sijakuuliza usichokula." Tukapiga hesabu: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Nina kilo 70, kwa hiyo 84 hadi 112. Yai lina kama gramu 6, sasa jumlisheni wenyewe nilikuwa wapi. Siku hizi kila mlo nahakikisha nafika 25 au 30, na mara tatu kwa wiki nanyanyua vyuma.

Mapaja ya Zamani
"Sijakuuliza usichokula." Hiyo naibandika jikoni.

Mpita Njia
Ila wadada mkinyanyua vyuma mtatoka mabega kama mabaunsa. Mwanamke kutembea kunamtosha.

Bibi Mdogo
Kaka, hiyo homoni ya kujaza mabega sisi tunayo kiduchu. Mtu anashindwa kuinuka sakafuni, wewe unawaza mabaunsa?

Goti Bovu
Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini mkono hakuujengi. Mimi jimu naona aibu, nafanyia nyumbani: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, pushapu za ukutani, begi limejazwa vitabu. Kila begi likiwa jepesi naongeza kitabu. Nimeshafika kamusi.

Nyama Kwanza
Kuleni nyama. Mengine mbwembwe.

Jani Bichi
Si lazima nyama. Soya ina protini ya kutosha na wanga wake si mwingi.

Nyama Kwanza
Maharage yana wanga, acha kupotosha watu.

Jani Bichi
Nimesema soya. Soma kabla hujajibu.

Sitaki Makuu
Gombaneni ila msisahau presha. Mimi nilikuwa namezea vidonge vyake, nikakata wanga bila kumwambia daktari. Nikaingia chumba cha kujaribia nguo, gauni saizi mbili chini ya ile niliyozoea. Limefika mabegani, limekwama, mikono juu, kichwa kimo ndani. Kizunguzungu. Nikashika pazia, pazia likaja na fimbo yake, mimi na pazia na gauni tukatokea nje mbele ya watu. Chini nimevaa soksi tu na ile nguo ya ndani ya kubana tumbo.

Daktari akanieleza kwamba ukikata wanga, mwili unamwaga chumvi na maji, presha inashuka yenyewe. Dozi yangu ilikuwa bado ya zamani. Akaipunguza. Na wenye dawa za sukari ndio kabisa, msianze bila daktari, mtaangukia pabaya kuliko mimi.

Goti Bovu
😂😂 Gauni ulilinunua?

Mpita Njia
Chai hii.

Mapaja ya Zamani
Pazia na fimbo yake, jamani. Nimekaa mkao wa kula, endelea.

Shangazi Kimya
Wenzangu, uzi ni wa misuli. Kreatini je, ule unga wa kuongeza nguvu za misuli, kuna anayetumia?

Goti Bovu
Mimi, gramu 3 kila siku. Bila mazoezi usitegemee miujiza.

Jani Bichi
Inaua figo hiyo.

Goti Bovu
Figo nzima haiui. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye aulize kwanza, hata hiyo protini asijiongezee tu.

Bibi Mdogo
Shangazi, rudisha na wanga kidogo siku za vyuma. Mimi nilirudisha, nguvu zikaja.

Nyama Kwanza
Usirudishe hata punje.

Shangazi Kimya
Sasa nishike lipi? Nimejaribu kiti sasa hivi, nimeinuka mara 9 kwa sekunde 30, ya 10 nikashika meza. Kesho naanza na mayai matatu na begi la vitabu.

Goti Bovu
Kamusi iweke mwisho. Sitaki Makuu, gauni?

Sitaki Makuu
Nilililipia. Lilichanika ubavuni. Na bado halinitoshi.