Prior, previous na former, ipi inakaa na neno gani?

chapakazi: Wakuu naomba msaada, hizi prior, previous na former mnazitofautishaje? Kamusi inanipa maana ileile ya "iliyotangulia" lakini nikiandika prior page naambiwa hapana ni previous page, sasa ntajuaje?

binti_sarufi: Usikariri neno pekee yake, kariri pea nzima. Prior inapenda mambo rasmi, ya ruhusa na taarifa, yaani kitu kilichotakiwa kiwepo kabla ya kingine: prior notice, prior consent, prior approval, na ukialikwa mahali ila tayari una miadi unasema I have a prior engagement. Previous ni ya mfuatano, kile kilichokuja kabla ya hiki: previous page, previous chapter, previous owner. Experience inakubali zote mbili ila kwenye CV utaiona sana previous experience.

mzee_wa_kalamu: Naongezea former, hiyo ni ya cheo au hadhi iliyokwisha. Former president ni yeyote aliyewahi kuwa rais hata miaka 30 nyuma, ila the previous president ni yule aliyemtangulia wa sasa tu, na hapa kwenye kutafsiri habari watu wanachanganya mno inaniuma kweli.

chapakazi: Asanteni sana, na jana usiku ni previous night?

binti_sarufi: Ukiongea leo ni last night. The previous night ni ya kusimulia yaliyopita, mfano: He came on Monday but she had left the previous night, hapo aliondoka Jumapili usiku.