Intaneti inakata kila tukivuka Nungwi kwenda Pemba. Antena, ruta au nini? Naomba ushauri

BintiNahodha

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya mtandao baharini.

Tuna jahazi la mbao la futi 52, lina tanga na mashine ya dizeli. Baba ndiye nahodha, mie nashughulikia wageni na hesabu. Tunachukua wageni wanane, tunatoka Kendwa, tunalala Tumbatu au Mnemba kutegemea upepo, kisha tunavuka mpaka Misali na Mkoani. Safari ni ya siku nne.

Mpaka Ras Nungwi mambo mazuri. Tukishaipa mgongo Unguja simu inashika vijiti viwili, mara kimoja, mara hakuna. Misali usiku tukitia nanga ndiyo kabisa, ujumbe unazunguka tu hauendi. Mwezi uliopita mke wa mpishi wetu alijifungua usiku. Ndugu zake walipiga simu mpaka wakachoka. Habari tulizipata siku ya pili asubuhi tulipokaribia Mkoani, simu zote zikaanza kulia kwa mpigo, na yule kijana akakaa chini pale jikoni na sufuria mkononi, akalia. Mama na mtoto wazima, alhamdulillah, lakini sitaki mtu wetu yeyote apitie vile tena. Safari hiyo hiyo nikapoteza kundi la wageni la mwezi wa saba kwa sababu wakala alingoja jibu langu siku mbili, akenda kwengine.

Nimeshanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, laki nne na nusu, chenye antena ndogo ya kubandika dirishani. Hakuna kilichobadilika. Ruta yetu iko chini chumbani, kwenye rafu juu ya kitanda cha baba. Nimebakiwa na milioni moja na laki mbili. Nifanye nini?

KijanaWaMichenzani

Wa aleikum salaam dada. Achana na minara, nunua dishi la setilaiti umalize kazi. Setilaiti nyingi za siku hizi ziko chini, kama kilomita 550 kutoka ardhini, si kama zile za zamani za kilomita 35,786 ambazo ukiongea unasubiri sauti ifike.

FundiMasafa

Pole dada, na mpe mpishi hongera zangu.

Kaka Michenzani, setilaiti ni kitu kizuri sana, silipingi hilo. Ila sidhani hela aliyonayo itatosha dishi, kifurushi cha kila mwezi na umeme wake. La pili, dada, kabla ya kununua au kuagiza chochote cha setilaiti uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza kama huduma hiyo na kifaa hicho vina ruhusa hapa. Na hicho cha laki nne na nusu ulizia vilevile. Vifaa vya kurudufu mawimbi ya simu vinatakiwa viwe vimeidhinishwa, maana kikiwa kibovu kinauchafua mnara na wenzako wote wanaoutumia wanaumia.

Sasa nisaidie kwa namba. Usitazame vijiti, kila simu ina vijiti vyake. Weka programu ya kupima mawimbi kwenye simu, tafuta palipoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia simu. Ni namba hasi. Kwenye -80 uko peponi, -100 unafanya kazi zako, -110 unasuasua, -120 sahau. Mkitia nanga Misali pima chumbani kwenye ruta, pima sitahani, halafu mtume kijana mmoja juu ya mlingoti. Simu ile ile, laini ile ile, ndani ya nusu saa. Ukinipa namba hizo tatu nitakwambia pesa yako iende wapi.

BintiNahodha

Shukrani kaka fundi. Tumerudi jana. Misali, saa mbili usiku, bahari shwari:

Chumbani: -121
Sitahani, simu mkononi: -112
Juu ya mlingoti, kama mita 8 kutoka majini: -101

Baharia wetu mdogo alipanda na simu shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, anasoma namba kwa sauti mie naandika. Alipofika juu simu ikaanza kuita jumbe za mchana kutwa, akawa anacheka huko huko juu.

FundiMasafa

Namba zako zimenifurahisha kweli, kwa sababu zimesema kila kitu.

Kutoka chumbani mpaka sitahani umepata dB 9 (dB ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi) bila ya senti moja. Hizo zilikuwa zinaliwa na mbao zilizolowa maji ya chumvi, tangi la mafuta, mashine na miili ya watu. Kutoka sitahani mpaka mlingotini umepata 11. Hapa ndipo watu wengi hawapajui: juu ya maji mawimbi ya mnara yanakujia mara mbili, moja kwa moja na kwa kupiga uso wa bahari, na ukiwa chini yale mawili yanauana. Ukishakuwa kilomita kadhaa kutoka mnarani, kila ukiongeza urefu mara mbili unapata takriban dB 6, yaani nguvu mara nne. Simu mkononi ilikuwa mita 2 juu ya maji, mlingotini mita 8. Mara mbili, tena mara mbili, hesabu inatoa 12. Wewe umepata 11.

Na upeo nao unasogea. Kwa mnara wa mita 45, antena ikiwa mita 2 juu ya maji inauona mpaka kama kilomita 33. Ikiwa mita 9 inafika 40.

Kwa hiyo usinunue nguvu, nunua urefu.

Ila sikiliza kosa linalomaliza faida yote. Mtu anaweka antena juu, anashusha waya mwembamba wa antena mita 12 mpaka kwenye ruta chini. Waya ule wa RG58 kwenye masafa ya MHz 1800 unakula karibu dB 10. Umepanda ukapata 11, umeshuka ukapoteza 10. Nimeshapanda vyombo viwili vilivyofungwa hivyo na wenyewe wanalalamikia mtandao. Pandisha ruta yenyewe juu pamoja na antena, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, na kinachoshuka kiwe kebo ya LAN (ile ya kuunganisha kompyuta na ruta) ya kutumika nje. Kebo hiyo inakwenda hadi mita 100, na umeme wa ruta unapanda humo humo. Chini unaweka kifaa kidogo tu cha kugawa WiFi.

Ruta ishike bendi 28, 20 na 3. Hizo mbili za mwanzo ni masafa ya chini, MHz 700 na 800, ndiyo yanayofika mbali. Antena ziwe mbili, za kushika pande zote, dBi (kipimo cha antena inavyokusanya mawimbi) 4 mpaka 6. Usidanganywe na ya dBi 10. Ile imebana mawimbi bapa kama sahani, chombo kikilala upande mmoja sahani inatazama majini.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, salaam kwa baba yako. Maneno ya fundi ni mazito, nayakubali, lakini fundi huyu hajabisha, yaani hajakwenda kinyume cha upepo, kwa jahazi. Kichwa cha mlingoti si mahali pa kuweka kitu. Siku mkigeuza tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa inapitishwa mbele ya mlingoti, na pale juu inapita inasugua. Kisanduku hicho hakifiki Tumbatu. Na kama hakikuvunjika kitanasa henza, kamba ya kupandishia tanga, tanga lisishuke wakati unalitaka lishuke. Hilo ni jambo la roho za watu.

Wekeni nguzo yake tezi, nyuma kabisa, nyuma ya pembe ya demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) inapofikia. Kwanza jaribuni kwa boriti ya mkoko iliyofungwa kwa kamba. Mkiona demani haiigusi tanga likiwa upande wowote, ndipo mweke bomba la chuma kisichoshika kutu.

FundiMasafa

Shekhe, ahsante sana. Hilo sikulijua na ningempoteza. Dada, fuata ya nahodha. Nguzo ya mita 5 juu ya shetri, sitaha ya nyuma, inakupa kama mita 7 kutoka majini, unapoteza dB moja tu kulinganisha na mlingotini. Hakuna ubishi hapo.

WeteKwetu

Mie niko huku Pemba, nina boti ya uvuvi. Niongeze machache. Chukua ruta ya laini mbili, uweke mitandao miwili tofauti, kwani upande huu mtandao unaotamba Mkoani si lazima ndio unaotamba Misali. Ukishindwa mmoja ruta inahamia mwengine, inachukua kama dakika hivi. Antena ya kuelekeza upande mmoja usiitie chomboni, maji yakijaa yakipwa jahazi linazunguka nanga yake na antena inageukia Tanga, bara. Na zima roming kwenye ruta, laini isije ikashika mtandao wa nchi nyengine. Huku kaskazini Kenya haiko mbali.

MamaKarafuu

Wageni wako ndio watakaokumalizia bando, mdogo wangu. Mie nina nyumba ya wageni, naongea nilichokiona. Video ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, na simu zao zikiona WiFi zinaanza kupandisha picha zote za pomboo. Tenganisha WiFi mbili, ya wageni na ya chombo, na ya wageni uiwekee kiwango kwa siku. Ya chombo ibaki ya utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, malipo na mpishi wako.

Halafu hata mtandao ukiwa mzuri vipi, redio ya VHF ya baba isizimwe, chaneli 16. Simu inampigia mtu mmoja. Redio inasikika na kila chombo kilicho karibu.

BintiNahodha

Baba ameyasikia yote, mimi nikimsomea, na nilipofika kwa NahodhaMstaafu akasema "huyu mtu wa bahari". VHF iko wazi saa zote, mama, hilo baba halichezei.

Swali la umeme: betri yetu ya 12 V itahimili?

FundiMasafa

Ruta na kigawa WiFi havizidi W 10. Saa 24 ni Wh 240, sawa na Ah 20 za betri ya 12 V. Paneli moja ya sola ya W 100 inarudisha hizo kwa siku ya jua na chenji inabaki. Weka fyuzi, na kidhibiti cha umeme katikati, kwani mashine ikiwaka volti zinashuka na ikichaji zinapanda zaidi ya 14. Ruta nyingi zinafia hapo.

BintiNahodha

Nimerudi na majibu, wiki tatu baadaye. Boriti tulijaribu safari moja, demani haikuigusa. Bomba limefungwa na fundi wa hapa Mkokotoni. Ruta, antena, kebo, kisanduku na bomba jumla laki tisa na themanini.

Misali, pale pale, saa ile ile: -98. Tukiwa katikati ya mkondo kuna kama dakika arubaini mtandao unakuja na kuondoka, nimewaambia wageni mapema na hakuna aliyelalamika. Nimejibu maagizo matatu nikiwa nimetia nanga. Na mpishi juzi usiku alikaa shetri, chini ya nguzo, mkewe akamsogeza mtoto kwenye kamera. Amefungua macho, anatazama taa ya simu.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Leo nimefungua kisanduku nimekuta matone mawili ya maji karibu na tundu la kebo. Hatukupigwa na mvua.

FundiMasafa

Maji yanatambaa na kebo kutoka juu. Kebo isiingie kisandukuni kwa juu wala kwa ubavu, iingie kwa chini, na kabla ya kuingia uipindishe kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, maji yadondokee hapo. Kisha uzungushe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uuvute mpaka uwe mwembamba nusu ya ulivyokuwa, ndipo unashika. Vichwa vya antena navyo hivyo hivyo.

BintiNahodha

Tundu liko ubavuni. Maji yamekupwa na jahazi limekaa juu ya mchanga, napanda sasa hivi kabla ya magharibi.