Seva Bukavu: pakiti zinatumwa upya kila saa, nianzie wapi?

mtoto_wa_kadutu: Jambo wakubwa. Nina seva ya Linux yenye nginx (programu ya kutoa kurasa za wavuti) hapa ofisini Nyawera, watu wanachukua humo matokeo ya wanafunzi. Tangu juzi kurasa nyepesi zinafunguka, ila mtu akivuta PDF ya mega 3 inakwama, inasogea, inakwama tena. nstat, amri ya takwimu za mtandao, inaonyesha kwa saa moja segimenti (vipande vya data) 612,000 zimetoka, na 43,000 zimetumwa upya. Ping (vipakiti vidogo vya kupima njia) ni safi kabisa. Jamaa wa intaneti anaapa kwake hakuna shida. Seva nimeizima na kuiwasha mara nne (najua, najua).

fundi_ruzizi: MTU hiyo (ukubwa wa mwisho wa pakiti inayoweza kupita), sina shaka. Mkipita kwenye PPPoE, aina ya muunganisho wa watoa intaneti, nafasi ni baiti 1492, si 1500, na ICMP (ujumbe wa kuripoti makosa ya mtandao) ikizuiwa njiani seva haitapata habari kwamba pakiti ni kubwa mno. Piga `ping -M do -s 1472` kwenda nje, hiyo na vichwa vyake ni 1500.

mtoto_wa_kadutu: Imepita bila neno.

yaya_waya: Mdogo wangu, ukichomeka laptopu kwenye swichi hiyo hiyo ya seva, PDF inakuja vipi?

mtoto_wa_kadutu: Mama yangu! Inakwama vilevile.

yaya_waya: Basi pakiti hazijatoka hata mlangoni. Toa `ethtool eth0`, tuone hali ya kadi ya mtandao. Na juzi mligusa nini?

mtoto_wa_kadutu: Umeme uliporudi kwa nguvu swichi iliungua, tukaweka ya zamani iliyokuwa stoo. ethtool inasema kasi 100, Duplex: Half.

yaya_waya: Ndiyo hiyo. Aliyeitumia swichi zamani aliipangia milango yake kwa mkono, kasi 100 na full (kutuma na kupokea kwa pamoja). Seva inaomba mapatano, haijibiwi. Kasi inaitambua, dupleksi haiwezi, kwa hiyo inachukua half (kwa zamu). Ndivyo Ethernet ilivyopangwa. Sasa swichi inaongea wakati wowote, na seva ikiisikia katikati ya maneno yake inadhani wamegongana, inakatiza, pakiti inakufa. Ping ni mtu mmoja anayevuka daraja la Ruzizi; PDF ni siku ya soko, watu wanatoka pande zote mbili. Tazama `ethtool -S eth0`, utakuta late collisions (migongano iliyochelewa) zinapanda. Rudisha mlango wa swichi kwenye auto, wapatane wenyewe. Usilazimishe full upande wa seva, siku mkileta swichi nyingine ya auto ugonjwa utahamia huko.

fundi_ruzizi: Mimi na MTU yangu tumekaa pembeni.

mtoto_wa_kadutu: Nimeweka auto, sasa ni 100, Full. PDF inafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kipanya, na kwa saa nzima zilizotumwa upya ni 57 tu. Aksanti sana yaya. Imebaki kumpigia jamaa wa intaneti, maana jana nilimtolea maneno mazito.

yaya_waya: Mpigie kabla hujamhitaji tena.