Kamera za sensa ndogo bado zina maisha ama tunasukumwa fulfremu kwa lazima?

Kijana_wa_Kongowea:
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina suala limenikosesha usingizi wiki nzima naomba mnisaidie. Mimi napiga harusi, bathdei, na wikendi nikikosa kazi natoka na kamera mpaka Mama Ngina kule Lighthouse napiga watu wakila mihogo na madafu, wengine wanalipa wengine wanacheka tu wanaenda zao. Kamera yangu ni Canon 70D, ile ya 2013, niliichukua kwa mtu ikiwa imeshatumika, ina lenzi ya 18-135 na 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), na wallahi imenilipia kodi miaka minne siwezi kuisema vibaya. Lakini sasa nataka kupanda, nimejikusanya laki mbili kasoro kidogo.

Shida ni hii. Rafiki yangu anasema nisinunue tena kropu, zile za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), manake kropu imekufa, kampuni zenyewe zimeitupa. Nikamwambia wacha uongo, akanitajia moja moja: Nikon 1 ilitoka 2011 kufika 2018 ikazikwa. Samsung na NX yao walifunga virago. Canon EOS M ya 2012, watu wakanunua lenzi zake, kisha 2023 ikatolewa kabisa kwenye orodha na zile lenzi haziingii kwenye RF, mfumo mpya wa Canon, hata ufanyeje. Nikanyamaza. Halafu naangalia R7 ambayo ni kropu na R8 ambayo ni fulfremu, zilipotoka zote zilianza dola 1,499 bodi peke yake bila lenzi, sawasawa! Sa mtu ataniambia nini ninunue sensa ndogo kwa bei ya sensa kubwa? Ama kuna kitu sioni? Nisaidieni kabla sijaenda kumwaga pesa.

FulfremuTu:
Kitu huoni hakuna. Nunua R8 uache maneno mengi.

MzeeWaLenzi:
Waaleikum salaam kijana wangu. Huyo rafiki yako amesema kweli nusu, na ile nusu aloiacha ndo yenye faida kwako.

Kwanza ujue hizi kampuni zimetoka wapi. 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani Japani na wenzao zilikuwa zaidi ya milioni 120 kwa mwaka. Kufika 2020 hazikufika hata milioni 9. Simu ndo imekula, ile kamera ndogo ya mfukoni ya kila nyumba ikaondoka, na kampuni ikabaki na wateja wachache sana. Sasa wewe ukiwa na duka na wateja wamepungua hivyo utafanya nini? Utataka kila anoingia aache pesa nyingi zaidi. Na pesa haiko kwenye bodi, iko kwenye lenzi. Bodi mtu anunua moja, lenzi atanunua nne tano na atarudi tena. Lenzi kubwa za fulfremu ndo zenye faida, basi huko ndiko wahandisi wao wanakopelekwa.

Sasa kropu inabaki ya nini? Kwa Canon na Nikon kropu ni barazani. Unakaribishwa vizuri, unapewa kahawa na tende, mnaongea, lakini ndani ya nyumba huingii mpaka ulipe fulfremu. Usiamini maneno yao ya matangazo, wewe angalia lenzi wanazotengeneza, hapo hawawezi kudanganya. R7 na R10 zilitoka 2022, na zile RF-S za mwanzo, yaani lenzi za RF za kropu, ni 18-45, 18-150, 55-210 na 10-18, zote zumu za giza, ile 55-210 inaanzia f/5 ukivuta mwisho iko f/7.1, sa na hiyo utapiga harusi ya usiku ukumbi gani? Na si kwamba hawajui kutengeneza! Canon hawahawa mwaka 2006 walitoa EF-S 17-55 f/2.8, zumu safi kabisa ya kropu. Walijua, na bado wanajua, ni kwamba hawataki ubaki barazani ukiwa umeshiba.

Nikon vilevile. D500 ya 2016 ilikuwa kropu ya watu wazima, ikakatwa 2022, na kwenye Z, mfumo wao mpya, wakaleta Zfc, Z30, kisha Z50II mwaka 2024, nzuri kwa wanaoanza na watu wa video za mtandaoni lakini D500 si hiyo.

Kwa hivyo kropu haijafa. Imefanywa ngazi. Suala lako wewe ni kama unataka kupanda ngazi ama unataka nyumba.

FulfremuTu:
Mzee umeongea sana kisha umefika palepale pangu. Kama ni ngazi si apande tu? Sensa ya fulfremu ni milimita 36 kwa 24, ya kropu ya Canon ni kama 22 kwa 15, yaani fulfremu ni mara mbili na nusu kwa eneo. Mwanga zaidi, chenga (vile vidoti vya picha za gizani) kidogo, nyuma ya mtu inapotea vizuri. Hesabu haina urafiki.

MzeeWaLenzi:
Hesabu ni kweli, stopu moja na kidogo unaipata, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Lakini umemwambia anunue R8 na yeye anapiga harusi. R8 ina tundu moja la kadi. Moja! Kadi ikifa usiku wa harusi utawaambia wafunge tena nikahi? R7 ina mawili, ina betri kubwa, na sensa yake inatulia mkono ukitetemeka, R8 haina hayo yote. Ndo maana bei ilikuwa sawa, kwa R8 umelipia sensa wakakukatia vingine. Hiyo pia ni mbinu yao, kila bodi wanaitoa kitu kimoja unachokihitaji ili uangalie ya juu yake.

BintiMvita:
Mzee hapo kwa kadi umesema, kuna mwenzetu mmoja yalimkuta na mpaka leo haalikwi upande ule wa mji 😅

Kaka mimi nitakwambia langu manake nasikia wanaume mnahesabu milimita tu. Mimi kazi yangu kubwa ni kupamba. Mnajua kupamba ni wanawake watupu, simu zinawekwa mlangoni, mpiga picha mwanamke, na mwisho wa usiku kadi namkabidhi mama wa bibi harusi mkononi au nakaa naye tunahamisha kisha nafuta mbele yake. Ukumbi umejaa, mataa ya zambarau na waridi, bibi harusi amekaa juu amepambwa kwa saa sita, bibi zake wamekaa mbele hawataki mtu awasimamie na limtutu la lenzi.

Natumia Fujifilm tangu nianze, kropu. Na sijawahi kujiona barazani. Kwa nini? Kwa sababu Fuji hawana fulfremu! Walianza kamera za X za kubadilisha lenzi 2012, na walipotaka kukua hawakwenda fulfremu, walienda juu yake kabisa, GFX, sensa kubwa ya 43.8 kwa 32.9. Kwa hivyo hawana sababu ya kuninyima lenzi nzuri ya kropu, hawana kitu cha katikati cha kunisukumia. 16-55 f/2.8 ipo tangu 2015, 50-140 f/2.8 ipo, 56 f/1.2 ipo, na zimetengenezwa kwa sensa hii hii, si za kuazima. Stopu moja ya FulfremuTu naifidia kwa lenzi ya f/1.2 na bado begi langu linaingia chini ya buibui nikiwa kwa tuktuk.

Kitu kimoja tu nikuonye, karibu kamera zote, mataa ya LED ya mapambo ukitumia ile shata ya kimya isiyo na sauti utapata mistari mistari kwenye picha. Nilijifunza usiku wa kwanza nikalia. Tumia shata ya kawaida, wacha ipige kelele, ngoma ni kubwa kuliko hiyo.

Kijana_wa_Kongowea:
Dada hiyo ya Fuji imenigonga kichwani, sijawahi kuifikiria hivo. Lakini nikihamia huko si naanza sifuri, lenzi zangu zote ni Canon

BintiMvita:
Unaanza sifuri ndio, siwezi kukudanganya. Na laki mbili yako itakupa bodi na lenzi moja ya maana kisha utanyoosha mkono.

Heroe_wa_Mida:
Naona mmesahau sisi wa chini kabisa. Micro Four Thirds tupo jamani, sensa 17.3 kwa 13, robo ya fulfremu, tumetangaziwa kifo tangu Olympus na Panasonic waanzishe 2008 na bado tunakula samaki.

Sitasema hatukutishika. Olympus waliuza kitengo cha kamera, 2021 tukaanza na kampuni mpya na jina jipya OM System, watu wengi waliuza vitu kwa hofu (mimi nilinunua vyao, Mungu awalipe 😂). Panasonic nao 2018 wakatangaza wanaingia fulfremu pamoja na Leica na Sigma, tukasema basi kwisha. Lakini OM-1 ikaja 2022, OM-1 ya pili 2024, Panasonic wakaleta G9II 2023 na GH7 2024. Kilichobadilika ni kwamba wameacha kugombana na kila mtu. OM wanaangalia watu wa ndege, wadudu, milima, mvua. Wameona pale ambapo udogo ni faida wakakaa hapo.

Mimi niende Mida Creek maji yakitoka, ndege wako mbali kule kwenye matope, nina 300 f/4 ambayo kwangu inaona kama 600. Naishika mkononi. Mwenzangu na fulfremu na 600 ya kweli amebeba kitu cha mtoto wa miaka miwili na tripodi, na lile daraja la mbao linatikisika akipita mtu mmoja tu. Alfajiri bado giza ananishinda kwa chenga, hilo namwachia. Saa moja na nusu asubuhi tuko sawa na yeye mgongo unamuuma. Na chumvi ya bahari, OM-1 imezibwa vizuri, nimepigwa na mawimbi mashuani nikaifuta na kitambaa nikaendelea.

Lakini wewe kijana usinunue hii. Kwa harusi za usiku utahangaika. Nasema tu ili FulfremuTu asilale vizuri.

FulfremuTu:
Nalala vizuri sana. Na 300 yako ya f/4 kwa kupoteza nyuma ni kama f/8 kwangu, hiyo hujaisema.

Heroe_wa_Mida:
Nyuma ya ndege ni bahari bwana, nipoteze nini? Bahari?

BintiMvita:
😂😂😂

MzeeWaLenzi:
Turudi kwa kijana jamani. Kuna kitu kimoja kimebadilika pale barazani sikukimaliza. Canon walikuwa wamefunga mlango wa RF, kampuni za nje zisitengeneze lenzi za otofokasi. 2024 wakaufungua kwa upande wa kropu, Sigma wakaingia na 18-50 f/2.8, baadaye na zile za f/1.4, na Tamron nao wakaja na 11-20. Mimi nilivoielewa ni kwamba Canon wamesema, lenzi nzuri za kropu hatutaki kuzitengeneza sisi, acha Sigma wazitengeneze ili wateja wasihamie Fuji na Sony. Sony nao ni hivohivo, wengi wa A6000 tangu 2014 wameishi kwa lenzi za Sigma. Ni akili, hawatumii pesa zao na wewe unabaki kwao.

Kwa hivyo R7 ya leo si R7 ya 2022. Bodi ni ileile lakini nyumba imepata majirani.

Na lenzi zako EF na EF-S, zile za Canon za zamani kama za 70D, zinaingia R7 kwa adapta, zinafanya kazi vizuri tu hata otofokasi. Hujapoteza kitu.

Kijana_wa_Kongowea:
Sasa nimeelewa lakini nimechanganyikiwa kwa njia mpya 😅 yaani nikinunua R7 sahii pesa yote inaisha, nabaki na 18-135 yangu ya giza juu ya bodi mpya, si nitapiga picha zilezile tu na chenga zilezile?

MzeeWaLenzi:
Haya, sasa umeanza kuuliza vizuri. Una harusi ngapi kabla ya Ramadhani?

Kijana_wa_Kongowea:
Tano. Tatu za usiku.

MzeeWaLenzi:
Basi usinunue bodi. Tafuta ile 17-55 f/2.8 nilokutajia, ilotumika, weka kwenye 70D yako. Kutoka f/5.6 ya mwisho wa 18-135 mpaka f/2.8 ni stopu mbili, umepata zaidi ya ambayo FulfremuTu anakuuzia, na pesa nyingi imebaki mfukoni. Harusi tano zikilipa ndo ununue bodi, R7 ikiwa bado unaitaka, na lenzi inahama na wewe kwa adapta. Ukiamua kwenda Fuji utaiuza, hiyo haikosi mtu.

FulfremuTu:
Hapo sipingi. Ila asije kunitafuta mwakani akiwa anataka fulfremu, hiyo lenzi ikiingia R8 picha inakatwa inabaki megapikseli chache.

BintiMvita:
Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi Makadara anauza 17-55 yake, amehamia Sony. Ina vumbi kidogo ndani, amesema mwenyewe hajaficha.

MzeeWaLenzi:
Vumbi hiyo lenzi inajulikana kwa hilo, halionekani kwenye picha, usikubali akushushie bei kidogo tu kwa sababu hiyo, mshushe sana 😄 Cha kuogopa kwetu huku Pwani ni ukungu wa joto na unyevu. Fungua lenzi mpaka mwisho, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, angalia kwa mbele ukiwa umeinamisha. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui iache hapohapo hata upewe bure, na usiiweke begi moja na lenzi zako.

Kijana_wa_Kongowea:
Dada nitumie namba yake inbox. Nitaenda kesho baada ya Asri, na 70D naibeba niijaribu palepale.