Dawa ya homa: chupa mbili, nguvu tofauti

Mama Nuru: Jamani, mwanangu ana miezi 14, kliniki juzi kilo 10. Chupa ya zamani ya parasetamoli ilikuwa mg 120 kwa ml 5, hii mpya mg 250 kwa ml 5. Nimpe kijiko kilekile?

Baba Salma: Usimpe dada! Hiyo ni mara mbili.

Mfamasia: Angalia uzito: mg 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwake ni ml 2 hadi 3 za chupa mpya, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Mama Nuru: Asanteni. Usiku ningempa ml 5 nzima. Mikono inatetemeka.