Ukoo wa Bibi: kiini cha yai

Neema: Shikamooni wote. Swali lilikuwa "Eleza kiini cha seli". Nimeandika ni kama ile njano ya yai, mwalimu kaniwekea X 😭

Mjomba Salehe: Marahaba. Umeonewa. Kiini cha yai si kiini? Tangu lini?

Shangazi Rehema: Kaka, usimpoteze mtoto. Jina moja, vitu viwili. Ile njano karibu yote ni chakula tu. Kiini cha seli kimo kwenye kile kidoa cheupe juu ya njano.

Mama Neema: Nimo jikoni nakaanga mayai. Ngoja nivunje la pili.

Mama Neema: 📷 Hiki cha ukubwa wa punje ya mtama?

Shangazi Rehema: Hicho. Ni la kisasa? Basi jogoo hakuhusika, yote hiyo bado ni seli moja. Kiini kimo humo kidoani, ila kwa macho hukioni.

Mjomba Salehe: Sasa kisichoonekana kina kazi gani?

Shangazi Rehema: Ndicho kinachotunza DNA, yaani maelekezo ya kuunda mwili. Wewe una kromosomu 46, yaani nyuzi za DNA, kwenye kiini kimoja. Nyuzi hizo ukiziunga zinafika kama mita 2, zimekunjwa ndani ya kitu ambacho 100 vikipangwa mstari havifiki milimita moja.

Neema: Mita 2??

Shangazi Rehema: Eeh. Na DNA haitoki humo. Ni kama daftari la mapishi la Bibi: haliondoki kabatini, ukitaka pilau unanakili ukurasa. Nakala ndiyo RNA. Inapita kwenye vitundu vya utando wa kiini, nje ribosomu, yaani wapishi wa seli, zinaisoma na kuunda protini.

Bibi: Na mnanakili vibaya, chumvi mnazidisha

Shangazi Rehema: 😂 Nakala mbovu inaharibu chungu kimoja, Mama. Balaa ni kosa likiwa daftarini. Ugonjwa wa selimundu ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika.

Mjomba Salehe: Kwa hiyo kila seli ina kiini.

Shangazi Rehema: Hapana. Chembe nyekundu za damu yetu hukitoa kabla hazijakomaa, ndiyo maana haziwezi kujikarabati, zinaishi siku 120 hivi. Za kuku zinacho. Niliziona kwa hadubini mara ya kwanza chuoni nikadhani nimekosea slaidi.

Neema: Mama, hilo yai usikaange! Kesho nalipeleka darasani.

Mama Neema: Limeshaiva. Na mjomba wako keshakaa mezani.